Je, ni lazima nikariri majedwali yote ya vitenzi vya Kiitaliano?

"Nimefanya kazi katika mapokezi ya hoteli huku Watamu kwa miaka saba, na Kiitaliano nimekiokota kwa masikio, kutoka kwa wageni. Naelewana nao vizuri. Sasa najiandaa kwa mtihani wa B2, yaani kiwango cha kati-juu, kwa sababu nataka kwenda Italia kusomea utalii, nikanunua kitabu cha sarufi. Nilipofika kwenye majedwali ya vitenzi nilikata tamaa, maana kila kitenzi kina ukurasa mzima na nyakati ishirini na kitu. Mwenzangu amenisahihisha kwamba 'ho andato' si sahihi, lakini hakuweza kunieleza kwa nini. Sijui ni lini niseme 'ero' na ni lini niseme 'sono stata', ilhali zote ni 'nilikuwa'. Na hiyo congiuntivo ndiyo inayonimaliza kabisa. Mgeni mmoja aliniambia nisijisumbue nayo, kwamba Waitaliano wenyewe siku hizi hawaitumii. Nina miezi minane. Je, nikariri majedwali yote, au kuna njia nyingine?"

Dada yangu, usikariri majedwali yote. Ukijaribu, utatumia miezi yako minane kujaza kichwa maumbo ambayo hutayapata mdomoni siku utakapoyahitaji, kwa kuwa jedwali hukuonyesha umbo bila kukuonyesha sentensi inayoliita. Iko sehemu ndogo ambayo kweli haina budi kukaririwa, nami nitakuonyesha ni ipi. Sehemu kubwa hujengwa kwa kanuni chache. Na iko sehemu ya tatu ambayo tayari unayo kwa sababu wewe ni msemaji wa Kiswahili, na juu ya hiyo nitakaa zaidi, kwa sababu nadhani ndiko kosa la kitabu chako liliko. Vitabu vingi vya Kiitaliano vinavyopatikana kwetu vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayetokea Kiingereza, na mara nyingi Kiingereza ni daraja bovu la kufikia vitenzi vya Kiitaliano. Kutoka Kiswahili moja kwa moja, njia ni fupi kuliko unavyodhani, ilimradi ujue mahali ambapo Kiswahili nacho kinapotosha.

Kwanza tupunguze hofu ya hesabu. Sarufi za shule za Italia huhesabu dhamira saba, na dhamira maana yake ni msimamo wa msemaji kuhusu analolisema: anatoa habari, anaamuru, anatamani, anawaza tu. Dhamira hizo ni indicativo (ya kutoa habari), congiuntivo (kama "asome" yetu), condizionale (kama "-nge-"), imperativo (ya amri), infinito (kama "kusoma"), participio na gerundio (kama "-ki-" ya "akisoma"), na ukihesabu njeo zote, yaani nyakati, zilizomo ndani yake unapata 21. Tatu za mwisho hazibebi nafsi na zina maumbo sita tu. Yanabaki 15. Kati ya hayo, manane ni maumbo ya neno moja, na saba ni ya maneno mawili, yaani kitenzi kisaidizi "avere" (kuwa na) au "essere" (kuwa) pamoja na participio passato, umbo la tendo lililokwisha kama "parlato": "ho parlato", "avevo parlato", "avrò parlato", "abbia parlato" na mengine. Kila moja ya hayo saba ni kivuli cha umbo la neno moja. Ukishazijua "avere" na "essere" katika njeo zake saba za neno moja, karibu nusu ya ukurasa uliokutisha huwa umekwisha kuijua, si kwa kitenzi kimoja tu bali kwa vitenzi vyote vya lugha hiyo.

Sasa tazama umbo la neno moja linavyoundwa. Chukua "parlavamo", maana yake "tulikuwa tukizungumza", ulikate vipande: "parl" ni mzizi, "a" ni irabu inayotambulisha kundi la kitenzi ("-are", "-ere" au "-ire"), "va" ni wakati, "mo" ni sisi. Kisha kata "tulisema": "tu" ni sisi, "li" ni wakati, "sem" ni mzizi, na "a" ni irabu ya mwisho. Ni shanga zilezile, ila zimetungwa kuanzia upande wa pili. Mtu wa Kiingereza huhangaika kukubali kwamba neno moja linaweza kumbeba mtu, wakati na tendo kwa pamoja, naye huendelea kusema "io", "tu", "lui" katika kila sentensi. Wewe umelelewa na jambo hili, na unajua bila kufundishwa kwamba "mimi nasema" ni tofauti na "nasema", kama vile "io parlo" ilivyo na msisitizo ambao "parlo" haina.

Shanga za wakati ni chache na hazibadiliki ovyo. Imperfetto, yaani wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea, ina "v", nayo hutanguliwa na "a", "e" au "i" kulingana na kundi la kitenzi: "parlavo", "prendevo", "dormivo". Futuro (wakati ujao) na condizionale zina "r": "parlerò", "parlerei". Congiuntivo imperfetto ina "ss": "parlassi", isipokuwa nafsi ya "voi", "parlaste". Vitenzi vikaidi katika njeo hizi ni vichache mno. Katika imperfetto, "essere" ndicho chenye njia yake, "ero, eri, era", ilhali "fare", "dire" na "bere" hurudi tu kwenye mizizi yao mirefu ya zamani na kutoa "facevo", "dicevo", "bevevo", mizizi ambayo utaikuta tena katika "facendo" na "facessi". Kwa hiyo mambo ya kukariri ni matatu: presente (wakati uliopo) ya vitenzi vikaidi vya kila siku, ambavyo havizidi thelathini; participio zisizofuata kanuni, kama "fatto", "detto", "scritto", "letto", "visto", "preso", "messo", "chiuso", "aperto", "chiesto", "risposto", "rimasto"; na mashina mafupi ya futuro, ambayo tutayafikia. Hayo yakariri kwa sauti mpaka yatoke bila kufikiri, na hapo usijionee huruma.

Mwenzako alikuwa sahihi kwamba "nimekwenda" si "ho andato", na sababu ipo. Huenda kitabu chako kinasema kwamba vitenzi vya mwendo huchukua "essere". Kanuni hiyo inadanganya, kwa kuwa "camminare", "viaggiare" na "nuotare" ni vya mwendo navyo huchukua "avere": "ho camminato", "ho viaggiato", "ho nuotato". Jambo lenyewe ni hili: vitenzi vinavyochukua "essere" ni vile ambavyo tendo humwacha mtendaji mwenyewe akiwa amebadilika, yupo mahali pengine au yu katika hali nyingine, hata participio ikawa kama sifa anayoivaa. Jaribu kuibandika participio kwenye nomino. Unaweza kusema "una donna arrivata ieri", mwanamke aliyefika jana, na "gli ospiti partiti stamattina", wageni walioondoka asubuhi, kwa hiyo ni "sono arrivata", "sono partiti". Huwezi kusema "una donna camminata" wala "una donna dormita", kwa hiyo ni "ho camminato", "ho dormito". Kwa kuwa participio hiyo ni sifa, hufuata jinsia na idadi ya mtendaji, nawe kama mwanamke utasema "sono andata", na ukiwa na dada zako "siamo andate". Vitenzi vya kujirejea navyo huchukua "essere" daima: "mi sono svegliata". Yako pia matendo yenye sura mbili, na Kiswahili kinakupa mwanga kwa sababu sisi tumeyagawa kwa maneno mawili: "nimemaliza kazi" ni "ho finito il lavoro", bali "filamu imekwisha" ni "il film è finito".

Nikiwa bado hapo, niongeze jambo ambalo wanafunzi wa lugha nyingine hulilalamikia nawe utaliona la kawaida. Mgeni akikuuliza funguo ziko wapi, utajibu "le ho prese io", nimezichukua mimi. "Le" imetangulia, ndipo "prese" ikawa ya kike na ya wingi. Sisi kila siku tunasema nimezichukua, nimekichukua, nimeuchukua, na hakuna mtoto wa pwani anayekosea kulinganisha "zi" na funguo. Ni mazoea yaleyale ya upatanisho, katika ngeli mbili tu badala ya zetu nyingi.

Tuje kwenye "ero" na "sono stata". Ugumu wako hapa unatoka kwa "-li-" yetu, ambayo hubeba mizigo miwili bila kuitofautisha. "Nilikaa Mombasa" inaweza kuwa maelezo ya hali iliyokuwepo, na inaweza kuwa tukio lililofungwa. Kiitaliano hulazimisha uchague. Imperfetto hukuingiza ndani ya jambo ukalikuta linaendelea, bila kuonyesha mwanzo wala mwisho wake. Passato prossimo, ile ya maneno mawili kama "ho parlato", hukusimamisha nje, ukaliona jambo zima tangu lilipoanza hadi lilipokoma. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni cha Kiswahili kitupu. Ikiwa unaweza kusema "nilikuwa niki-" au "nilikuwa nina-" bila maana kubadilika, tumia imperfetto. Ikiwa tendo linaweza kuingia katika mnyororo wa "-ka-", tumia passato prossimo. "Mvua ilikuwa ikinyesha, nilikuwa nimechoka, nikafika hotelini, nikafungua mlango, nikaona mgeni amelala kwenye kochi." Kwa Kiitaliano: "Pioveva, ero stanca, sono arrivata in albergo, ho aperto la porta e ho visto un ospite che dormiva sul divano." Chunguza sentensi hiyo taratibu, kwa maana karibu kila unachokihitaji kimo ndani yake. "Sono stata" utaisema pale ambapo kukaa kwako kumefungwa na kuhesabika: "sono stata a Mombasa due volte", "sono stata malata tre giorni".

Wengi hudhani kwamba jambo lililochukua muda mrefu ni la imperfetto na lililochukua muda mfupi ni la passato prossimo. Sivyo. Mzee aliyewahi kuishi Roma miaka thelathini kisha akahama husema "ho vissuto a Roma trent'anni", kwa sababu miaka hiyo ameifunga kwenye hesabu, na mtu aliyesinzia dakika moja tu anaweza kusema "dormivo" ikiwa simu ilimkuta ndani ya dakika hiyo. Baadhi ya vitenzi hata hubadili maana: "sapevo" ni nilikuwa najua, "ho saputo" ni nilipata habari, "la conoscevo" ni nilikuwa namfahamu, "l'ho conosciuta" ni tulijuana siku hiyo.

Lazima pia nikuonye kuhusu "-me-", na mfano naupata katika sentensi yako ya kwanza. Umeandika "nimefanya kazi kwa miaka saba", ukimaanisha kwamba bado unafanya. Ukiipeleka kwa Kiitaliano kama "ho lavorato in albergo sette anni", msahihishaji ataelewa kwamba kazi umeiacha. Kiitaliano hutumia presente: "lavoro in albergo da sette anni". Vilevile "-me-" yetu mara nyingi hueleza hali iliyopo sasa, kwa hiyo "amelala" ni "dorme", "nimechoka" ni "sono stanca", "amekaa" ni "è seduto". Usikimbilie passato prossimo kila usikiapo "-me-". Jiulize kwanza kama unaeleza tendo lililofanyika au hali ambayo ungeweza kuipiga picha sasa hivi.

Passato remoto, wakati uliopita wa neno moja, isikusumbue sana. Watu wa Toscana na wa kusini bado huisikia katika mazungumzo, kaskazini wameiachia vitabu, nawe utaikuta katika hadithi na historia: "Dante nacque a Firenze nel 1265 e morì a Ravenna nel 1321". Kwa sasa jifunze kuitambua, hasa nafsi ya tatu: "fu", "ebbe", "disse", "fece", "venne", "vide". Kwa vitenzi vingi, ukaidi wake hukaa katika nafsi tatu tu, "io", "lui" na "loro", yaani "scrissi", "scrisse", "scrissero", na nafsi nyingine hufuata kanuni, "scrivesti", "scrivemmo", "scriveste". Trapassato remoto, mwenzake wa maneno mawili, iache vitabuni.

Futuro na condizionale zijifunze kama pacha, kwa kuwa zilizaliwa pamoja. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani walianza kusema "cantare habeo", kama kusema nina la kuimba, maneno mawili yakashikana mpaka yakawa "canterò". Condizionale ikatokana na mshikamano huohuo, ila "avere" ikiwa katika wakati uliopita. Kiswahili nacho kilifanya jambo la namna hiyo, kwani "-ta-" ya wakati ujao imetokana na "taka", na bado unaiona nzima katika "atakayekuja". Faida ya kulijua hili ni kwamba shina ni moja: "avrò, avrei", "sarò, sarei", "andrò, andrei", "verrò, verrei", "vorrò, vorrei", "potrò, potrei", "dovrò, dovrei". Mashina hayo mafupi hayafiki ishirini. Angalia tu kwamba "parleremo" ni tutazungumza na "parleremmo" ni tungezungumza, na tofauti yote imo katika m moja au mbili, ambayo lazima isikike mdomoni. Futuro ya kukisia utaipenda: "sarà arrivato" ni "atakuwa amefika" neno kwa neno, na "saranno le tre" ni itakuwa ni saa tisa. Iko sehemu moja ambapo Kiswahili hakikusaidii. Sisi husema "alisema atakuja", lakini Kiitaliano hudai condizionale passato, "ha detto che sarebbe venuto".

Na sasa congiuntivo. Nikuambie jambo ambalo huenda hujaliona: umekuwa ukiitumia kwa miaka saba. Mgeni anapofika kwenye meza yako humwambii "vieni, siediti, firma", kwa kuwa hiyo ni lugha ya rika. Unamwambia "venga, si accomodi, mi dia il passaporto, firmi qui, mi scusi, aspetti un attimo". Maneno hayo yote ni congiuntivo presente. Amri ya heshima ya Kiitaliano ni dhamira hiyo, kama vile sisi tunapomheshimu mtu hatumwambii "njoo, kaa", bali "uje, ukae", au "naomba usubiri kidogo".

Hata umbo lake linafanana na letu kwa namna inayonifurahisha kila ninapoifundisha. Sisi tunageuza irabu ya mwisho, "anasoma" ikawa "asome", na wao pia hugeuza irabu. Chukua umbo la "io" katika presente, ondoa "o", kisha kitenzi cha "-are" kipe "i" na vitenzi vya "-ere" na "-ire" vipe "a": "firmo" hutoa "firmi", "prendo" hutoa "prenda", "vengo" hutoa "venga", "dico" hutoa "dica", "esco" hutoa "esca", "finisco" hutoa "finisca". Umbo hilo moja hutumika kwa "io", "tu" na "lui", ndiyo maana hapa kiwakilishi huhitajika mara nyingi. Vitenzi vinavyokataa kanuni ni vitano vya kawaida, navyo unavisikia kila siku: "sia", "abbia", "dia", "stia", "sappia".

Matumizi yake nusu unayo. "Nataka kwenda" ni "voglio andare", "nataka aende" ni "voglio che vada". Mtendaji akiwa mmoja tunatumia infinito, wakiwa wawili dhamira inageuka, sawasawa katika lugha zote mbili. Aliyepitia Kiingereza hupata taabu hapa, naye husema "voglio lui andare", kosa ambalo kwa Kiswahili huwezi kulifikiria. Vivyo hivyo "inabidi niende" ni "bisogna che io vada", na "ili aelewe" ni "affinché capisca". Nusu nyingine ndiyo ya kujifunza upya. Sisi husema "nadhani amechoka" na "ingawa mvua inanyesha", kitenzi kikabaki cha kutoa habari, kwa sababu tumeuachia mzigo wa shaka neno "nadhani" peke yake. Mwitaliano hutaka kitenzi chenyewe kionyeshe kwamba halitolei ushahidi jambo hilo: "so che è stanco", najua kwamba amechoka, lakini "credo che sia stanco". Vivyo hivyo baada ya "penso che", "spero che", "sembra che", "benché" na "prima che". Hiyo ya mwisho ina mtego, kwa kuwa tunasema "kabla mvua haijanyesha", nawe usiuhamishe ukanushi huo. Ni "prima che piova".

Tofauti nyingine ni kwamba "uje" yetu haijali wakati wa kitenzi kinachoitangulia. Nataka uje, nilitaka uje, ningependa uje. Kiitaliano hubadilisha: "voglio che tu venga", lakini "volevo che tu venissi" na "vorrei che tu venissi". Ukiona wakati uliopita au condizionale upande wa kwanza, shanga ya "ss" huingia upande wa pili.

Hilo linatuleta kwenye kosa kubwa kuliko yote kwa Waswahili, na nakuomba ulizingatie. Sisi huweka "-nge-" pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningenunua mashua. Masikio yako yatakushawishi kusema "se avrei i soldi, comprerei una barca". Ni kosa ambalo hata watoto wa Kiitaliano hulifanya na kukaripiwa shuleni. Upande wenye "se" hukaa "ss", na upande wa pili hukaa "r": "se avessi i soldi, comprerei una barca". Kwa jambo lililokwisha kupita, "ningalijua ningalikuja" huwa "se l'avessi saputo, sarei venuta". Ukipata nafasi ya kufanya zoezi moja tu kwa wiki nzima, fanya hili.

Je, yule mgeni alikudanganya? Hakukudanganya kabisa. Katika mazungumzo ya nyumbani utasikia "credo che è stanco", na utasikia "se lo sapevo, non venivo", imperfetto pande zote mbili, kutoka vinywa vya watu waliosoma. Lakini watu haohao huandika "sia" katika barua ya kazi, na mwanasiasa akikosea congiuntivo hadharani hudhihakiwa magazetini. Mwenyeji anapolegeza kanuni huhesabiwa kuwa amestarehe, ila mgeni anapoilegeza huhesabiwa kuwa haijui, na mtihani wa B2 hukupima hapo hasa.

Kuhusu njia ya kujifunza, nikueleze faida na hasara kwa haki. Majedwali ni mazuri kama kamusi: unaandika, unashuku, unafungua, unathibitisha. Programu za simu husaidia kurudia participio ukiwa matatuni, lakini nyingi hukuuliza umbo moja nje ya habari yoyote, na kuchagua kati ya imperfetto na passato prossimo hakuwezekani nje ya habari. Njia ninayokushauri ni kuandika kila siku mistari kumi juu ya siku yako ya kazi, kwanza kwa Kiswahili chako cha kawaida chenye "-ka-" na "-ki-" zake zote, kisha kwa Kiitaliano bila kupitia Kiingereza, ukijiuliza kila kiambishi kinataka umbo gani. Itakuwa polepole majuma ya mwanzo, na utahisi kama unarudi nyuma, kwa sababu Kiitaliano chako cha kusikia kina kasi kuliko cha kuandika. Katika miezi minane ningetenga mitatu ya kwanza kwa wakati uliopita peke yake, kwani ndiko makosa yako mengi yaliko.

Ukiwa unaandika, jihadhari na gerundio. "Nilimwona Maria akitoka" hueleweka kwa sababu "a" inamtaja Maria, lakini gerundio haina nafsi, na "ho visto Maria uscendo" itamaanisha kwamba aliyekuwa akitoka ni wewe. Sema "ho visto Maria che usciva".

Mwalimu wa ana kwa ana utamhitaji kwa mambo mawili. Moja ni maandishi, kwa kuwa insha haiwezi kusahihishwa na yule asiyejua ulikusudia kusema nini. Taasisi ya Utamaduni ya Italia iliyoko Nairobi hufundisha lugha hiyo, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Kabla hujalipa ada yoyote, kiulize chuo unachokwenda kinakubali cheti kipi, kwa maana mtihani wa CILS wa Siena, wa CELI wa Perugia, wa PLIDA wa shirika la Dante Alighieri na ule wa chuo kikuu cha Roma Tre, mitihani hiyo haina mpangilio mmoja.

La pili ni mkazo, ambao hakuna kitabu kitakachokusikiliza ukiukosea. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nawe bila kujua utasema "parLAno", "abiTAno", "prenDEre", wakati ni "PARlano", "Abitano", "PRENdere", ingawa "veDEre" na "aVEre" hukaza pale ulipozoea. Wakati mwingine mkazo ndio maana yenyewe: "parlo" ni nasema, "parlò" ni alisema. Tafuta mtu anayekijua Kiitaliano vizuri, msomee kwa sauti ukurasa mmoja wenye vitenzi vya nafsi ya "loro", mwombe apige alama kila unapokosea, na ikiwa alama zimezidi tano usingoje mwezi wa mwisho ndipo umtafute mwalimu. Anza naye sasa, hata kama ni saa moja kwa juma.